Bukuru Aliyegeuzwa Mama wa Pacha Wake

Bukuru alimtangulia Butoyi kutoka tumboni kwa muda wa maji ya ugali kuchemka. Nilikuwepo. Mkunga alichelewa, mvua ilikuwa kubwa, mikono iliyowapokea ni hii. Vitovu vyao nilivifunga kwa uzi mmoja niliokata katikati kwa meno. Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kijijini pale Kasanda. Kwa hiyo mtu asinifundishe umri wa wanawake hawa wawili. Cheti chao cha kuzaliwa ni mimi, shangazi yao, dada wa baba yao Nkunzimana.

Kwetu mapacha hawatafutiwi majina. Wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi, mkubwa na mdogo, wawe wa kike au wa kiume. Ndivyo ilivyo Burundi alikotoka babu yetu, na huku Buha, kwa Waha, ni hivyo hivyo. Na mapacha ni mtu mmoja. Ukimpa mmoja nguo, mpe mwenzake nguo ya rangi ileile. Ukimbeba mmoja mgongoni, ukifika nyumbani mbebe na wa pili, hata kama amelala. Unalomfanyia mmoja umewafanyia wote. Asiyefuata hayo ngozi itamwasha, atajikuna mpaka kwenye mifupa.

Kaka yangu hakufuata. Walipofika darasa la nne mke wake akavunjika mgongo, ikatakiwa mikono ya kushika jembe. Akamtoa Bukuru shule kwa kuwa ndiye mkubwa. Mkubwa kwa maji ya ugali! Nikamwambia, kaka, watoe wote au waache wote. Akasema mimi mwanamke nina maneno mengi. Basi Bukuru akalima, maharage yake yakauzwa, Butoyi akasoma mpaka kidato cha nne. Aliporudi likizo alimkuta mwenzake ana viganja kama gome la mti. Butoyi alikuwa akivishika, anavicheka. Walikuwa watoto, sisemi kitu.

Sasa nawasikia wanawake wa Kibondo wakiwa saluni. "Eti dada, huonekani kama una arobaini!" "Eti wewe na binti yako kama ndugu!" Wanaambiana hivyo kutwa nzima, na anayeambiwa anatoa pesa ya kusuka. Mimi nina miaka sabini na sita na naonekana nina sabini na sita, na sijawahi kumwomba mtu anipunguzie. Mwanamke wa makamo akionekana msichana, mimi simtazami yeye. Namtafuta aliyemlimia.

Bukuru alizaa saba. Mume wake alikwenda Geita kwenye machimbo, akapiga simu moja, ikawa basi. Akalima peke yake, mihogo, maharage, mahindi, akabeba kuni, akabeba maji, akamzika mama yao, akamzika baba yao. Meno ya mbele yalimtoka manne. Mgongo ulianza kuinama alipofika thelathini na minane. Butoyi yeye alipata kazi kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipofunguliwa tena, akafanya usafi kwenye ofisi za mashirika, akala vya huko, akaweka akiba, akafungua saluni hapa Kibondo. Hakuzaa. Jua hakulijua. Jina la Butoyi akaliacha njiani, akawa Eujenia tu, maana ukisema Butoyi kila mtu anauliza, na Bukuru yuko wapi? Alipokuwa na arobaini na saba, macho yangu haya yalimwona kama mtu wa thelathini na tatu. Hilo silikatai. Alikuwa amependeza kabisa.

Ndipo akaja Polycarpe Nduwayezu.

Huyu ni mnunuzi wa maharage, mtu wa Kasulu, mjane wa miaka hamsini na minne. Ana nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba sita na mabinti wawili wakubwa. Wazazi wake walikuja wakimbizi, yeye ni raia, mila zetu anazijua kuliko kaka yangu marehemu. Alikaa kwenye benchi la saluni akisubiri mvua iishe, akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Mwanamke aliyepita arobaini simtaki hata wa bure. Ni shamba lililochoka, unalimwagia mbolea mpaka unafilisika." Wanawake wakacheka. Butoyi akacheka zaidi yao, na wiki hiyohiyo akamwambia ana thelathini na tano.

Nusura anaswe mapema. Siku moja Bukuru aliteremka kutoka Kasanda na gunia la unga wa muhogo, zawadi ya mwenzake, akaingia saluni na vumbi lake miguuni. Polycarpe alikuwepo. Akasimama, akavua kofia.

"Shikamoo mama."

Bukuru akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine.

"Eujenia," Polycarpe akasema, "mama yako huyu. Mnafanana macho."

Na Butoyi, mkono wake ukiwa bado kwenye nywele za mteja, akajibu, "Ndiyo, ndiye mama."

Bukuru akasema marahaba. Angesema nini? Jioni akaja kulala kwangu. Alinihadithia huku anacheka, amefunika mdomo kwa mkono kuficha pengo. Nikamuuliza unacheka nini. Akasema hajui.

Baada ya miezi miwili Butoyi akaja kwangu na keki na soda.

"Shangazi, wageni wanatoka Kasulu Jumamosi ijayo. Watapokelewa hapa kwako. Kasanda ni mbali na watu wa kule wana midomo."

"Nani atakaa kiti cha mama?"

"Mama."

"Mama yako yuko kaburini."

"Shangazi, unajua ninachosema. Polycarpe ameshamwona Bukuru, ameshamsalimia mama. Nikimwambia leo kwamba ni pacha wangu, nitaolewa na nani? Nimebakiza huyu tu. Sina mwingine nyuma yake."

Hapo alisema kweli. Nilimwona akisema kweli na uso wake ukazeeka kidogo, kisha ukarudi.

Nikamwambia, "Eujenia, kuna jambo la mila ya mapacha. Kitenge cha mabukwe kikishatolewa..." Mabukwe kwetu ndiye mama mkwe.

Akanikata. "Wee shangazi! Mila za wapi? Wewe kisomo cha watu wazima chenyewe hukumaliza, ukaishia kuandika jina. Siku hiyo kazi yako ni kukaa, kula na kupiga vigelegele. Usinifungulie mdomo wako pale."

Mimi nikakaa kimya. Mwanamke wa ukoo wetu haambiwi kunyamaza mara mbili. Keki nikaila, ilikuwa nzuri.

Bukuru nilimuuliza usiku wa kuamkia siku ile, wewe umekubalije? Alikuwa anaosha miguu. "Ameniomba," akasema. "Tangu tuzaliwe huchukua tu. Safari hii ameomba."

Asubuhi Butoyi akamvalisha. Akamfunga kilemba cha kizee, akamwambia asivae viatu vipya, avae kandambili. Kisha akatoa fimbo nyuma ya mlango.

"Ya nini?" Bukuru akauliza. "Miguu yangu haiumwi."

"Ishike tu, mama."

Akaishika.

Wageni wakaja kumi na wawili kwenye Noa mbili. Msemaji wao alikuwa Mzee Ndayisenga wa kanisani kwao. Dada wa Polycarpe, Arielle, mwanamke mnene mwenye macho makali, akakaa karibu na Bukuru kumpeleleza.

"Mama, Eujenia ni mtoto wako wa ngapi?"

"Kitinda mimba," Bukuru akasema. Na kweli baada ya Butoyi tumbo lile halikutoa mwingine. Hakusema tumbo la nani.

"Umemtunza, mama. Wewe umechoka yeye bado mbichi."

"Ndiyo," Bukuru akasema. "Nimechoka."

Maneno yakaenda yakarudi, pombe ya ndizi ikanywewa, mahari ikapokelewa na jirani yangu Harerimana ambaye naye alidhani ni mama na binti. Kisha ikaja saa ya kitenge. Kwetu mkwe anapiga magoti mbele ya mabukwe, anatoa kitenge na blanketi kwa mikono miwili, macho chini. Mabukwe akishapokea, mlango umefungwa. Tangu hapo mkwe hamtazami usoni, hali naye sahani moja, hakai mkeka mmoja naye. Akikutana naye njiani anaingia majanini mpaka apite. Polycarpe akapiga magoti. Mwanamume wa hamsini na minne, kitambi kimegusa sakafu yangu ya udongo, mbele ya mwanamke wa arobaini na saba mwenye fimbo ya uongo. Bukuru akanitazama. Nikatazama ukuta. Akapokea.

Nikapiga vigelegele kama nilivyoagizwa.

Wakafunga ndoa kanisani Kasulu, Butoyi akapata vyumba sita na saluni mpya hukohuko. Bukuru alikwenda kule mara tatu, na kila akifika Polycarpe alitoka kwa mlango wa uani, macho yamefunikwa kwa kofia, akiagiza mabinti wampe mabukwe chai na mkate. Siku ya tatu Bukuru alinisimulia jambo lililomuuma kuliko fimbo. Walikuwa wawili jikoni, mlango umefungwa, anamenya vitunguu. Butoyi akamwambia, "Mama, nipe chumvi."

"Tuko peke yetu," Bukuru akamwambia.

"Najua. Sitaki ulimi uteleze siku nyingine."

Hakurudi tena kule kwa hiari yake.

Baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa, Bukuru akashikwa na tumbo. Akafikishwa Kasulu kwa Butoyi, akitakiwa kupelekwa hospitali Kabanga. Butoyi akasema ana mabibi harusi watatu wa kusuka. Basi mkwe akampeleka. Nasema haki yake, Polycarpe alimpeleka kwa gari lake mwenyewe, akamketisha nyuma kwenye mto, na kile kioo cha ndani cha dereva akakigeuzia juu ili asimwone usoni. Hospitalini akakaa kwenye benchi amempa mgongo. Mtu asiyeruhusiwa kutazama, masikio yake hayana kazi nyingine.

Muuguzi akasoma kitambulisho cha taifa. "Bukuru Immakulata Nkunzimana. Mwaka sabini na sita." Akamtazama usoni, akakitazama tena. "Mama, hiki ni chako au umechukua cha mwanao?"

"Ni changu."

"Una arobaini na nane wewe? Mimi nimekuwekea sitini na tano hapa!"

Wagonjwa kwenye foleni wakacheka, bila ubaya, kama watu wanavyocheka wakiumwa. Polycarpe hakugeuka. Lakini mnunuzi wa maharage anajua hesabu. Mama arobaini na nane, binti thelathini na sita. Alizaa akiwa na miaka kumi na miwili? Tena mama anaitwa Bukuru. Na kila mtu wa kwetu akisikia Bukuru anauliza lile swali.

Bukuru alipona. Ilikuwa ni kidole tumbo, wakakitoa. Siku ya tatu Polycarpe alisimamisha gari mbele ya mlango wangu hapa Kibondo. Hakukaa.

"Shangazi, Bukuru ni nani?"

"Ni Bukuru."

"Na Butoyi yuko wapi?"

"Yuko kwako, anakupikia."

Akafuta jasho shingoni. Nikaendelea kupeta maharage yangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ungeniuliza ningekujibu, kama leo."

"Kwa hiyo nilimpigia magoti shemeji yangu."

"Hapana," nikamwambia. "Ulimpa kitenge mbele ya wazee, akapokea. Ni mabukwe wako mpaka mmoja wenu azikwe. Hilo halifutwi na kitambulisho."

Nikaona jambo linamjia taratibu, kama mtu anayekumbuka alipoacha ufunguo.

"Na pacha wake?" akauliza.

Hapa ndipo wanawake wa jumuiya ya kanisani wananilaumu. Wanasema ningemwambia, mwanangu, hayo ni mambo ya kale, nenda nyumbani ukamgombeze mkeo, muishi. Ningeweza. Maneno yalikuwepo mdomoni. Lakini aliuliza mila, na mila naijua, na mimi sikuambiwa na mtu yeyote siku hiyo ninyamaze.

"Unalomfanyia mmoja umewafanyia wote," nikasema. "Wewe si mtoto wa Dar es Salaam. Unajua."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akanishukuru, akaondoka.

Kasulu alipita sokoni, akatafuta kitenge chenye maua yaleyale ya kile alichompa Bukuru, akakipata. Jioni akawaita dada yake Arielle na mabinti wake wawili sebuleni. Butoyi akatoka jikoni na sinia la chakula, amesuka nywele mpya. Polycarpe akapiga magoti mbele yake, macho chini.

"Mabukwe, pokea. Kipindi kile nilikusahau."

"Polycarpe, unafanya nini? Inuka bwana, watoto wanaona."

"Pokea, mabukwe. Mwenzako alipokea."

Arielle akasema, "Pokea, mama. Usimchoshe magoti mkweo." Na mabinti wakaangua kicheko, maana mama huyu wa kambo alikuwa akiwaambia siku zote kwamba watu wakiwaona naye njiani wanadhani ni ndugu.

Hakupokea. Polycarpe akakiweka miguuni pake, akainuka. Tangu jioni ile hakumtazama tena usoni. Akahamia stoo, akalala kati ya magunia. Chakula chake kililetwa na mabinti. Akitaka kusema jambo aliuambia ukuta, "Mwambieni mabukwe soda zimeisha." Akikutana na Butoyi barabarani, mchana kweupe, mbele ya maduka, alivua kofia na kushuka mtaroni mpaka apite. Watu wakauliza. Naye aliwajibu kwa adabu, neno kwa neno, tangu saluni mpaka hospitali. Katekista akaenda kumwambia ndoa ya kanisa haijui mapacha. Polycarpe akasema, "Ndoa sijaivunja, mwalimu. Sijampiga, sijamtukana, sijamfukuza. Namheshimu tu. Kuheshimu ni dhambi?" Katekista akanywa chai yake akaondoka.

Butoyi alivumilia miezi minne. Alijipaka, akanunua magauni, akabadilisha nywele kila Jumapili. Alisimama mlangoni mwa stoo amejifunga khanga moja, mwanamume akageukia gunia. Na wateja wa saluni yake mpya wakaanza kumwuliza, eti dada, kwani una mingapi hasa? Hakuna tena aliyemwambia haonekani ana arobaini. Walimtazama pembeni ya macho, kwenye shingo, kwenye viganja, wakitafuta, na mtu akitafuta uzee kwa mwanamke wa arobaini na minane ataupata.

Akafunga sanduku moja. Kwangu hakupita. Alikwenda moja kwa moja Kasanda, akafika jua likiwa juu, Bukuru akiwa uani anaanika muhogo. Binti mdogo wa Bukuru, Niyubahwe, ndiye aliyeniambia walichosemana.

"Nimerudi," Butoyi akasema.

Bukuru hakuacha kuanika. "Karibu, mwanangu."

"Bukuru, usinifanyie hivyo."

"Jembe liko nyuma ya choo, mwanangu. La mpini mfupi. Kesho tunaanza upande wa bondeni."

Na anamwita hivyo mpaka leo, mbele za watu na wakiwa peke yao. Hampigi, hamnyimi, wanalala kitanda kimoja kama walivyolala watoto. Siku za kwanza malengelenge yalipasuka mikononi mwa Butoyi mpaka akashindwa kushika kijiko. Bukuru akamlisha, huku anamwambia, meza, mwanangu. Sijui kama Bukuru anamlipiza au ulimi umezoea. Nilimuuliza, akanijibu kwamba yeye ni mama, mama hana visasi. Pengo lake lilionekana lote, hakulifunika.

Mwezi wa sita nilipanda kwenda kuwaona, wakati wa kuvuna maharage. Butoyi alinipa kigoda. Misimu miwili tu ya jua, na mtu alikuwa amebadilika. Nywele fupi, shingo nyeusi, mistari miwili kando ya mdomo kama imechorwa kwa kisu. Sasa alikuwa wa arobaini na tisa, wala hakuna ambaye angebisha.

"Shangazi, ulijua itakuwa hivi?"

"Nilijua."

"Ukaniacha."

"Nilianza kusema. Ulikuwa na haraka."

Hakulia. Nilidhani atalia, nikajiandaa. Alivuta beseni la mihogo, akaanza kumenya. Nikamweleza habari za mjini, kwa kuwa ndicho mgeni anacholeta. Nikamwambia Polycarpe ameweka ndani msichana kutoka Heru Juu, bila kanisa. Safari hii yeye na Arielle walikwenda kwanza ofisi ya kata kuuliza mwaka wa kuzaliwa, ndipo wakapeleka mahari. Ana ishirini na minne.

Kisu kilisimama.

"Umemwona?"

"Nimemwona sokoni."

"Anaonekana ana mingapi?"

Bukuru, aliyekuwa akipiga maharage kule mwisho wa uwanja, akaacha kupiga ili asikie. Nikafikiri. Ni kweli nilifikiri.

"Kumi na tisa," nikasema, kwa sababu ndivyo anavyoonekana.

Butoyi akatikisa kichwa polepole, akachukua muhogo mwingine.